Duka Lenye Jina la Kiswahili na Masharti ya Kizungu

Mwezi wa Rajabu nilipanda Nakuru kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa huko na anayekaa Bondeni, mmoja wa mitaa ya zamani ya mji ule. Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya Laasiri, tulikuwa tumeketi tukinywa kahawa mara akabisha hodi jirani yake, mama mjane ambaye kazi yake ni kushona mabuibui na sare za watoto wa shule. Mkono mmoja alishika mfuko, mkono wa pili simu. Baada ya kuamkiana akaniambia, "Mjomba, nimesikia wewe ni mtu wa kusoma. Hebu nisomee hapa."

Simu ilionyesha duka moja la mtandaoni lililoko ng'ambo, ambalo jina lake sitalitaja. Palikuwa na picha ya mitandio kumi na miwili imekunjwa safu safu, kila mmoja na rangi yake, na juu yake bei: shilingi 950. Mama yule alikuwa ameiona picha, akaiona bei, akapiga hesabu ya mfanyabiashara. Dazani moja kwa 950. Akiuza kila mtandio kwa 150 kuelekea Idi, atapata 1,800. Akaagiza dazani kumi, akalipa shilingi 9,500, ambazo ndizo zilizokuwa rasilimali yake yote. Baada ya wiki tatu akaletewa mfuko ule aliokuwa ameushika. Ndani yake mlikuwa na mitandio kumi. Si dazani kumi, mitandio kumi.

Nikasoma yaliyoandikwa chini ya picha kwa herufi ndogo za Kiingereza. Yalisema kwamba bei ile ni ya kipande kimoja, kwamba rangi atachagua muuzaji, na kwamba nguo za kichwani zikishafunguliwa hazirudishwi. Nikamfasiria neno kwa neno. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi mimi nimekosa wapi, mjomba?"

Siku ile sikumpa jibu la maana. Katika makala haya nataka kulijibu swali lake, kwani si lake peke yake.

JIBU JEPESI NA JIBU GUMU

Jibu jepesi ni kwamba hakusoma. Maneno yalikuwapo, na mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi amekubali masharti, yeye alipabonyeza. Mwenye duka atasema hakumficha mtu kitu.

Lakini sisi tuliokaa vyuoni tukasomeshwa twajua ya kuwa biashara ni ridhaa ya pande mbili, na kwamba kitu kinachouzwa sharti kijulikane sifa zake na kiasi chake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, inahusu deni na jinsi ya kuliandika. Wala haikumsahau mtu asiyeweza kumtajia mwandishi maneno yake mwenyewe: inaagiza kwamba msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Basi ndani ya simu ya mama yule, msimamizi wake alikuwa nani? Aliyemtungia maneno ni muuzaji, kwa lugha ya muuzaji, kwa faida ya muuzaji.

Mama huyu alisoma hadi darasa la saba. Kiingereza chake kinamtosha kulijua neno la kununua na neno la bure. Maneno hayo mawili yaliandikwa kwa herufi kubwa. Yale yaliyomtia hasarani ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

MISAFARA YA KALE

Watu wa pwani na watu wa Bonde la Ufa hawakukutana jana. Kabla ya reli kufika, misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipita Naivasha kuelekea ziwa Baringo kutafuta pembe. Mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alipotaka kuivuka nchi ya Wamaasai alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye alizijua njia na desturi za watu wa huko.

Thomson mwenyewe ameeleza kazi waliyokuwa nayo Taveta kabla ya kuendelea mbele. Iliwabidi wazitunge upya shanga zao katika nyuzi zenye urefu uliokubaliwa na Wamaasai, kwani shanga zisizotungwa kwa kipimo chao hawakuzipokea. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa au uzi usio na kipimo kinachojulikana ulijitia katika hasara wenyewe.

Tazama basi, ndugu msomaji, nani alikuwa na wajibu wa kujifunza. Aliyetoka mbali na mali yake ndiye aliyejifunza mnunuzi anaita nini "uzi mmoja". Hakuja akasema, "Kwetu uzi ni huu, na ukishaupokea haurudi." Na angalisema hivyo, angalirudi pwani na shanga zake.

Mwaka 1900 reli ilifika Nakuru, na nyuma yake wakaja walowezi. Hao walikuwa na Kiswahili chao kilichoitwa Kisetla. Mzee yeyote aliyefanya kazi katika mashamba ya Njoro au Molo anaweza kukuigizia. Kilikuwa Kiswahili cha amri: lete, peleka, ngoja, upesi. Upatano wa ngeli hakikuwa nao, wala hakikuwa na haja ya adabu, kwa sababu kazi yake haikuwa kumwuliza mtu anataka nini. Mambo yenye uzito, yaani mshahara, hati ya shamba na kesi, yaliandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kabatini.

MAJINA YETU, MASHARTI YAO

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu nadhani Kisetla kimeturudia kwa mlango wa nyuma. Yaangalie majina ya biashara za simu katika nchi yetu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu hapo tumepata Lipa na M-Pesa, Lipa Mdogo Mdogo, Okoa Jahazi na Fuliza. Kuna PigiaMe ya matangazo ya vitu vya kuuza, na mwaka 2017 likaja soko lililoitwa Masoko. Majina mazuri haya, nami siyachukii. Lakini yasikilize vizuri: lipa, okoa, fuliza, pigia. Karibu yote ni vitenzi vya kuamuru. Kiswahili kimewekwa mlangoni kuita wateja na kuwahimiza watoe pesa. Ukishaingia ndani ukataka kujua riba, siku za kurudisha mali, au nani atabeba hasara kitu kikivunjika njiani, mara nyingi mwenyeji anayekupokea ni Mwingereza.

Ni haki niseme kwamba M-Pesa yenyewe humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua Kiswahili, na ujumbe wake ukaja kwa Kiswahili. Jambo hilo ni la kusifiwa, nalo lathibitisha kwamba linawezekana. Hata hivyo Wakenya wengi wanaendelea kutumia Kiingereza kama walivyokikuta. Nenda Tanzania, ambako M-Pesa iliingia mwaka 2008, usikie tofauti. Huko mtu huenda kwa wakala, huweka pesa au huzitoa, huangalia salio, hulalamikia makato. Mwanamke wa sokoni anazungumza habari zote za fedha zake bila ya kuazima neno, na kwa sababu hiyo anaweza kubishana. Kwetu anayekwenda kutoa pesa husema nusu ya sentensi kwa Kiingereza, na lile neno asilolijua ndilo analokubali bila kuuliza.

Wala maduka haya hayashindwi na lugha yanapotaka. Kampuni ya Jumia, iliyo maarufu katika Afrika, humwuzia Mmisri kwa Kiarabu, na huko Moroko hutumia Kifaransa. Kenya duka lake ni la Kiingereza. Mfanyabiashara huangalia ni nani atakayeondoka asipozungumziwa kwa lugha yake. Yaelekea sisi ametuona hatuondoki.

UPANDE, DOTI NA KORIJA

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya mapya. Maneno hayo husemwa na watu wasiowahi kukaa katika duka la nguo la Mombasa hata kwa saa moja.

Lugha yetu imelelewa na biashara ya bahari. Bei, bidhaa, rehani, dalali na mizani tumeyapata kwa Waarabu. Pesa na hundi yametoka Bara Hindi. Arubuni ni pesa ya kutangulia inayofunga bei. Hawala ni fedha zilizotumwa kwa mtu aliye mbali kupitia mkono wa mwingine, na sijui M-Pesa ni kitu gani ikiwa si hawala iliyoharakishwa. Babu zetu waliagiza nguo Bombay na Maskati wasizoziona kwa macho, wakazisubiri kwa miezi mpaka pepo zigeuke. Biashara ya kununua kitu kisichoonekana, inayosemwa kuwa ni mpya, ndiyo iliyojenga miji yetu.

Kwa hiyo walihitaji vipimo visivyo na ubishi. Leso moja iliyokatwa ni upande. Pande mbili zilizoshikana ni doti. Doti ishirini ni korija. Kitambaa kizima kilichokunjwa ni jora. Mwambie mshoni wa Bondeni kwamba bei ni ya upande, atajua ni upande. Mwambie ni ya korija, atakuuliza kama zote ni za rangi moja. Shilingi 9,500 zake zilipotea kwa sababu ya neno "kipande" lililokaa katika lugha asiyoisoma.

LESO NA JINA LAKE

Mpwa wangu naye ni mfanyabiashara wa simu, wala hana duka. Leso zake humjia kwa basi kutoka mtaa wa Biashara, Mombasa, mtaa ambao jina la "Mali ya Abdulla" limekuwa likijulikana kwa wauzaji wa leso kwa miaka mingi. Nyingi huchapwa India na China kisha huletwa kwetu. Yeye huzipiga picha na kuzituma kwa wateja walioko Molo, Njoro, Gilgil, Subukia na hata Kericho. Wengi wao si watu wa pwani. Ni kina mama wa Kikuyu na wa Kikalenjin wanaonunua leso za harusi, za kutunza wakwe na za kubebea watoto.

Nilikaa naye asubuhi nzima nikimsikiliza. Haandiki sana, huzungumza, na sauti yake ndiyo inayosafiri. "Dada, hii ni doti, haijakatwa. Ni pamba tupu. Rangi haitoki, lakini mara ya kwanza ifue peke yake. Jina lake ni hili." Kisha humsomea jina. Na bei ikishafungwa humwambia, "Ikikufikia ukaona si hii, niambie siku hiyo hiyo, utairudisha kwa gari nililoitumia."

Mama mmoja wa Kericho aliipenda leso kwa rangi yake, lakini aliposomewa jina akacheka, akasema hawezi kumpelekea mama mkwe maneno yale, itakuwa vita. Akachagua nyingine. Hapo nikaona thamani ya lugha kwa shilingi na senti. Leso huuzwa kwa maandishi yake kama inavyouzwa kwa rangi. Ndiyo maana nilipoitafuta katika duka moja kubwa la mtandaoni nilihuzunika kuikuta imeelezwa kwa urefu na upana tu, kuwa ni kitambaa cha pamba cha Kiafrika, jina halikutajwa. Mnunuzi aliye mbali angeweza kumpelekea mkwewe matusi kwa nia njema.

Mashine za kufasiri nazo hazijatuokoa. Niliijaribu moja kwa maneno ya mpwa wangu. Leso ikaifanya kitambaa cha kufutia pua. Nikabadilisha nikaandika kanga. Sasa ikanipa ndege wa porini mwenye madoadoa. Tulicheka sana, lakini kicheko kina mwisho wake. Mashine hujifunza kutokana na maandishi inayoyakuta, na karibu nusu ya kurasa zote za intaneti ni za Kiingereza, ilhali za Kiswahili ni chache mno zikilinganishwa na wingi wa wasemaji wake. Tusipoandika sisi habari za leso, mashine itaendelea kuuza ndege.

MAUA YA NAIVASHA

Mtu asidhani kwamba kueleza bidhaa kwa ukamilifu ni anasa. Toka Nakuru ukiteremka kuelekea Nairobi utafika Naivasha, penye mashamba ya waridi. Ua linalokatwa pale huwekwa katika baridi, husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na sehemu kubwa huuzwa Uholanzi katika mnada wa Royal FloraHolland, ambao soko lake kubwa liko Aalsmeer. Huko bei huanzia juu ikishuka kama mshale wa saa, na anayewahi kubonyeza ndiye mnunuzi. Siku hizi mnunuzi hana haja ya kuwapo. Hubonyeza akiwa ofisini kwake kwa kompyuta.

Anawezaje kununua maelfu ya maua asiyoyagusa? Ni kwa sababu kila ua lina aina yake yenye nambari, urefu wa shina kwa sentimita, idadi na daraja, na maelezo hayo yanafahamika kwa muuzaji na mnunuzi sawasawa. Mwanamke wa Naivasha anayeyapanga maua kwa urefu anajua kwamba akikosea sentimita kumi, huko mbele patakuwa na malalamiko. Tajiri anayenunua ua amewekewa lugha asiyoweza kudanganyika nayo. Mshoni wa Bondeni anayenunua mtandio hakuwekewa. Zote mbili ni biashara za mtandao, na zote mbili ziko katika kaunti hii moja ya Nakuru, yenye watu zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ya mwaka 2019.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na kitu alichonunua. Na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inayo sehemu inayohusu mikataba ya intaneti: muuzaji anatakiwa aeleze mambo yake wazi, tena kwa namna inayofahamika.

Inayofahamika na nani? Hapo ndipo penye pengo. Ikiwa ni kwa wakili wa Nairobi, basi mambo yote yako sawa. Ikiwa ni kwa mtu anayelipa, basi masharti ya Kiingereza kitupu hayamtoshi mamia kwa maelfu ya wanunuzi wetu. Haikuhitajiwa Katiba mpya; kinachohitajiwa ni kanuni moja fupi kwamba duka lolote linalopokea shilingi za Kenya liweke mambo manne kwa Kiswahili karibu na bei: kiasi cha kitu, gharama yote hadi mlangoni, siku za kurudisha, na nani wa kulalamikiwa. Mambo manne hayajazi hata nusu ya kioo cha simu. Duka lililoko ng'ambo ni gumu kulifuata mahakamani, nakubali. Lakini duka linalotaka pesa zetu zipite katika simu zetu linaweza kuwekewa sharti hapo zinapopita.

LAWAMA ITUANGUKIE PIA

Nisije nikawalaumu wa mbali nikawasahau wa karibu. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaofungua maduka ya simu, wengi wao huandika Kiingereza toka juu hadi chini. Muuza halua anaieleza halua yake kwa Kiingereza kwa watu waliozaliwa wakiila. Anaona ni heshima. Mteja naye huona haya kuuliza, asije akaonekana hakusoma. Basi muuzaji anajifanya Mzungu, mnunuzi anajifanya amefahamu, na hasara inakaa katikati yao ikimngoja mmoja.

Wala simaanishi Kiingereza kitupwe. Mpwa wangu humwandikia kwa Kiingereza mteja anayekitaka, na akijaliwa kuuza Uingereza nitamwombea baraka. Ninachosema ni kwamba lugha ya masharti iwe ni lugha ya anayelipa, kama nyuzi za shanga zilivyofuata kipimo cha anayenunua.

Jumapili nilipokuwa nikifunga mzigo wangu, mama mshoni alikuja kuniaga. Alikuwa ameuza mitandio sita kwa shilingi 300 kila mmoja, akisema afadhali nusu hasara. Mmoja akanipa nimpelekee mke wangu, nikakataa kuupokea bure, tukabishana, nikaununua. Halafu nikampa jibu la swali lake. Nilimwambia kosa lake ni moja tu: alidhani aliyemwita kwa picha atamweleza kwa ukweli. La muuzaji ni kubwa zaidi, na letu sote tulionyamaza ni kubwa vile vile.

Siku hizi, mpwa wangu ananiarifu, mama yule halipi kabla hajavuka ua kuja kusomewa maandishi madogo. Wanawake wengine wawili wa mtaa nao wameanza kuja. Wanaketi, wanauliza: ni upande au ni doti? Na wasipopata jibu, hawabonyezi.